Maziwa ya Mara ya Tano

1

"Nne zimetosha," alisema Bi Chumu. "Na hizo nne nilikupa kwa huruma. Ya tano sikupi."

"Nilikuomba wewe? Maziwa ni ya Raya."

"Ya Raya, lakini hesabu ya wanaonyonya ni amana yangu. Nikifumba macho leo, kesho ndugu wataoana."

"Basi yafumbue yote mawili umtazame huyu." Kazija aligonga kioo cha sanduku la joto kwa ukucha. "Mtazame tumbo. Halafu niambie unamwekea mke gani. Maiti haoi, Bi Chumu."

"Usimtaje hivyo mtoto!"

"Nimtajeje? Bwana harusi?"

Daktari Salmini, aliyekuwa ameiinamia mashine upande wa pili wa chumba, alinyanyua mkono bila kugeuka. "Jamani, sauti. Mtoto anasikia."

"Asikie. Ajue mapema kazaliwa kwa watu gani."

Mtoto mwenyewe alikuwa na siku sita na uzito wa kilo moja na robo. Jina hakuwa nalo, maana jina ni siku ya saba, na kwa sasa kila mtu alimwita Mgeni. Alilala chali ndani ya sanduku, mpira mwembamba umepita puani mpaka tumboni, na ngozi ya tumbo lake ilikuwa imevutika na kung'aa kama ya tunda lililovimbishwa na mvua.

Mvua yenyewe hakuna aliyeiona Mtambwe Juu. Kilikuwa kijiji cha nyumba arobaini zilizozikwa chini ya vumbi la mwezi, pembeni mwa shimo la barafu. Waanzilishi wake wengi walitoka Pemba, na walipanda na vitu viwili ambavyo mizani ya chomboni haikuvipima: lugha yao na dini yao. Na katika dini yao, mtoto akinyonya kwa mwanamke asiye mama yake mara tano, kila mara akashiba, kabla hajatimiza miaka miwili, basi ni mwana wa mwanamke yule. Watoto wa yule mama ni ndugu zake, na wengine aliowanyonyesha ni ndugu zake pia. Ndugu hawaoani. Iwe kapewa titi au kapitishiwa mpira puani, yakifika tumboni ni mamoja.

Huko Duniani sheria hiyo haimkoseshi mtu usingizi, maana wachumba ni wengi kuliko mchanga. Mtambwe Juu palikuwa na watoto kumi na watatu, wasichana sita. Mifupa ya mtoto aliyekulia mwezini haibebi uzito wa Dunia, kwa hiyo kushuka hakuna, na vyombo vinavyopanda vilileta mashine, si watu. Atakayeoa ataoa humu humu. Ndiyo maana baraza lilipitisha kanuni kwamba mwanamke asinyonyeshe watoto wa wenzake zaidi ya watatu.

Raya, mwanamke pekee aliyekuwa na maziwa ya kufaa, alikwisha kuwamaliza watatu wake. Wote wasichana. Ukimjumlisha na binti yake mwenyewe ni wanne. Wa tano alikuwa Mwaka, bintiye Kazija. Kwa hiyo maziwa ya mara ya tano yangembakishia Mgeni msichana mmoja tu wa kumwoa: binti wa Khatib fundi wa taa, aliyekuwa na miaka tisa, na aliyekwisha kutangaza mbele ya darasa zima kwamba yeye haolewi na mtu.

"Baraza linakaa Ijumaa," alisema Bi Chumu, akiushusha mtandio uliokuwa umempanda. "Mama za wale wasichana waulizwe. Ni haki yao. Wavulana wenyewe saba, na wewe unawapunguzia mmoja. Wakiridhia wao, nami nimeridhia."

"Leo Jumatano."

"Siku nazijua."

"Na utumbo wake unazijua?" Kazija alimsogelea. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mikono imejaa alama za kuungua na mabomba. "Na tuulizane vizuri, Bi Chumu, tukiwa hapa hapa. Nani aliyeniambia nifunge mdomo?"

Bi Chumu aligeukia sanduku.

Ilikuwa hivi. Kazija alikuwa fundi wa hewa wa kijiji, mwenye stashahada ya kazi hiyo. Nyumba zote za Mtambwe Juu zilitiwa hewa nyepesi, kama ya juu ya mlima mrefu, ili oksijeni isimalizike. Watu wazima waliizoea. Mwanamke mwenye mimba alitakiwa ahamie Chumba Kizito siku ile ile anapojijua, kwa kuwa huko hewa ilikuwa nzito na ya kutosha. Lakini Chumba Kizito kilikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulitazamana na msikiti na duka. Ukihamia, kijiji kizima kimejua.

Na mimba changa haitangazwi. Kazija alikwisha kuharibikiwa mara moja, mwaka mmoja nyuma, wiki mbili baada ya kuhamia kule na kupokea pongezi. Alipopata tena, Bi Chumu, mkunga na shangazi wa mumewe, alimwambia kwa sauti ya chini: "Safari hii subiri ishike. Macho ya watu yana sumu. Miezi minne si mingi."

Kazija aliyesoma namba za hewa kila asubuhi, aliyejua kila nyumba ina oksijeni kiasi gani, alisubiri miezi minne na nusu.

"Nilikuambia mimi," alisema Bi Chumu mwishowe. "Sikatai."

"Nami nilikusikiliza. Sikatai pia. Sasa tuendelee kugombana au tumtazame mtoto?"

2

Siku ya kwanza Salmini alimweleza Kazija bila kupaka asali, kwa kuwa Kazija mwenyewe alitaka hivyo.

Mtoto aliye tumboni akipungukiwa na oksijeni, mwili wake huchagua. Damu huipeleka kwenye ubongo na moyo, na mishipa ya utumbo huikaza, maana utumbo wa ambaye hajazaliwa hauna kazi kubwa. Ikiwa ni kwa saa moja, mishipa hulegea tena, na hakuna atakayejua. Ikiwa ni kwa miezi, mishipa hukua ikiwa imekaza. Huwa michache, na huwa myembamba. Ukuta wa ndani wa mshipa hutoa vitu viwili: kimoja huuambia ulegee, kingine huuambia ujibane.

"Mishipa ya mwanao imejifunza neno moja tu," alisema Salmini. "Jibane."

"Na akianza kula?"

"Utumbo unaofanya kazi unataka damu zaidi. Mishipa hiyo haifunguki. Kipande kinakaa na njaa, kikikaa sana kinakufa, na kikifa kinatoboka."

Dawa ilikuwa kwenye maziwa. Ndani ya maziwa ya mama mna seli zilizo hai, na Salmini alikuwa amegundua namna ya kuziamsha: kwa muda wa saa sita kwenye joto, pamoja na matone machache ya kiamshi alichokipika mwenyewe. Zikiamka, zinapitishwa kwenye mpira wa puani. Zinapenya ukuta wa utumbo, zinatafuta pale palipo na uhaba wa oksijeni, na hapo zinajipanga moja baada ya nyingine mpaka zinakuwa mshipa mpya. Maziwa ya Kazija ndiyo yaliyojaribiwa kwanza. Seli zake, chini ya darubini, zilijikunja kama mkono uliogusa sufuria. Zilikuwa zimesoma somo lile lile la hewa nyepesi. Raya, kwa upande wake, alihamia Chumba Kizito wiki ya tatu ya mimba yake, kwa sababu Raya hakuwahi kuweka siri ya mtu yeyote, hata yake.

Sasa, kabla Bi Chumu hajamjibu, kengele ililia.

Namba ya oksijeni kwenye damu ya Mgeni ilishuka kutoka tisini na moja hadi themanini na mbili. Midomo yake ilififia. Mkono wa Kazija ulifika kwenye koki ya sanduku kabla ya kengele kulia mara ya tatu, na ungeifungua yote kama Salmini hangeupiga kofi.

"Polepole!"

"Anakosa hewa!"

"Anaikosa, ndiyo, na wewe ukimpa yote kwa mpigo unamuua. Damu ikirudi ghafla kwenye nyama iliyokaa na njaa, oksijeni hiyo hiyo inaichoma. Polepole, Kazija. Wewe ndiye fundi."

Aliposikia neno fundi, mkono ulimtii. Mwaka wake wa kwanza kazini aliwahi kufungua kwa pupa koki ya bomba lililokaa tupu wiki nzima, na kiungo cha bomba kilipasuka kikampita sikioni. Tangu siku hiyo alijua kwamba kilichokauka hakijazwi kwa hasira. Alizungusha koki kidogo sana, akahesabu mpaka thelathini, akazungusha tena. Themanini na nne. Themanini na saba. Bi Chumu alikuwa ameingiza kidole chake kwenye tundu la sanduku, akiusugua unyayo wa mtoto na kunong'ona dua. Tisini. Kengele ilinyamaza.

"Ahsante," Kazija alimwambia Salmini. "Kwa lile kofi."

"Karibu tena."

Salmini aliwasha kioo cha mashine. Utumbo wa Mgeni ulionekana kwa rangi, nyekundu mahali penye damu na kijivu mahali pasipo nayo. Siku ya pili kijivu kilikuwa na urefu wa vidole vitatu. Baada ya maziwa mara nne, kilibaki kidole kimoja, na pembeni yake palionekana nyuzi nyekundu nyembamba, zinazopapasa njia.

"Tukiishia hapa?" aliuliza Kazija.

"Inaweza kumalizia yenyewe."

"Sema namba."

"Mmoja kati ya watatu hupona."

"Tukiendelea?"

"Mara ya tano, ya sita, mpaka ya nane. Tisa kati ya kumi. Lakini ya tano iingie kabla ya alasiri, si Ijumaa. Zile nyuzi zisipopata wenzao leo, zitakufa zote."

Kazija alimgeukia Bi Chumu. Bi Chumu alikuwa bado ameushika unyayo wa mtoto.

3

Raya aliingia na chupa kifuani, ndani ya koti, kama mtu aliyebeba kifaranga. Alikuwa ametoka kwenye shimo la barafu, na vumbi la huko lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Mbona mmekaa kama mko matangani?" alisema. "Nilikuwa na wasiwasi nimechelewa. Daktari, haya ndiyo uliyoyaamsha tangu asubuhi, nimeyapitia maabara. Na hii nyingine mbichi, ya baadaye. Bi Chumu, shikamoo."

"Marahaba."

"Marahaba hiyo imetoka na mfupa." Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamkabili Kazija. "Na wewe. Nani aliingia kwangu jana akasafisha vichujio vya hewa? Nimeamka leo napumua kama niko nyumbani kwa mama yangu. Mume wangu kasema kitandani kuna upepo."

"Vilikuwa vichafu."

"Vilikuwa vichafu mwaka mzima."

"Sijui kushukuru kwa mdomo, Raya. Nilitazama kilichokuwa kibovu kwako nikakitengeneza. Mlango wa jikoni pia. Usiubamize."

Raya alicheka mpaka vumbi likamdondoka. Kisha alikaa kwenye kiti cha pembeni na kusikiliza habari yote, ya kengele na ya namba na ya Ijumaa. Alikuwa akiifahamu, lakini aliisikiliza tena.

"Mie nina binti mmoja," alisema. "Nimempa dada watatu. Leo nampa kaka. Kwangu sioni hasara. Lakini mama zao, Mama Saumu, Mama Nunu na Mama Mwatima, siwezi kuwasemea. Nao wana haki ya kukasirika."

"Wakikasirika?" aliuliza Kazija.

"Watakasirika. Hawajawahi kufa kwa kukasirika."

Hapo Bi Chumu alisogeza kiti, akakaa chini kwa uzito, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilishuka.

"Nisikilizeni. Nimetunza habari za ziwa za watu hawa, nani kanyonya kwa nani, tangu nyumba zilipokuwa kumi na moja. Sijawahi kukosea mtoto hata mmoja." Alitazama mlango. "Mpe. Mpe ya tano, na ya sita, mpaka hizo nane. Nikiulizwa, nitasema nne. Tumo wanne humu ndani. Anaweza kukua, akaoa amtakaye, na hakuna atakayejua."

Salmini alianza kupangusa kioo kilichokuwa safi. Raya alitazama mikono yake.

 Kila alichokuwa akikigombania Kazija kilikuwa mezani, na zaidi yake: uhai wa mwanawe, na mke wa mwanawe, na amani na majirani. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Alijua pia Bi Chumu ametoa nini. Alikuwa ametoa uaminifu wake wote, kitu pekee alichokuwa nacho, ili alipe neno moja alilolisema kwa sauti ya chini miezi saba nyuma.

Kisha alimwona Mgeni akiwa na miaka ishirini, mrefu kama baba yake, amesimama mlangoni kwa Raya na shati lililopigwa pasi, akimwulizia binti. Nani angemzuia? Na angemzuia kwa kusema nini? Au wangekaa kimya wote wanne, wakala pilau ya harusi ile?

Mumewe alikuwa kwenye mitambo ya jua, safari ya siku kumi na moja, na asubuhi alipata dakika mbili tu za redio. Alisema maneno machache: "Wewe uko karibu naye. Amua, nami niko nyuma yako."

Kazija alipiga goti mbele ya kiti, akaushika mkono wa Bi Chumu na kuubusu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake.

"Shangazi, umenipa kikubwa kuliko nilichokuomba. Mungu akulipe. Lakini sikichukui. Nilificha mara moja, na anayelipa ni huyu. Nikificha tena watalipa watoto wa watu."

"Kazija, ni mwanao..."

"Ni mwanangu, ndiyo maana. Atakunywa, na watu watajua anakunywa. Daktari, pasha moto hayo maziwa."

"Na Ijumaa?" aliuliza Bi Chumu.

"Ijumaa nitakuja kutukanwa. Nitakaa mstari wa mbele wasipate tabu ya kupaza sauti."

4

Fundi wa hewa alikuwa mtu pekee, mbali na imamu, mwenye ruhusa ya kusema kwenye vipaza sauti vya nyumba zote. Kidude chenyewe kilikuwa ukutani, karibu na mlango. Kazija alibonyeza.

"Asalaam alaykum. Kazija wa hewa hapa. Hewa ni salama, msikimbilie barakoa."

Alimeza mate.

"Mwanangu amekunywa maziwa ya Raya mara nne. Sasa hivi anapewa ya tano, na mengine yatafuata. Kanuni naijua. Siwaombi ruhusa, kwa sababu mkikataa nitampa vilevile, na kumwomba mtu ruhusa hali umeshakata shauri ni kumdharau. Nawaomba radhi. Mama Saumu, Mama Nunu, Mama Mwatima, binti zenu leo wamepata kaka. Nimewapunguzieni mchumba mmoja. Najua nimechukua kitu chenu, na ninawashukuru kabla hamjanipa."

 Salmini alikuwa akilijaza bomba la sindano, polepole, bila kiputo.

"La pili. Mimba hii niliificha miezi minne na nusu, kwenye hewa nyepesi, nikiogopa macho ya watu. Mwenye kujua namba za hewa ni mimi, na bado niliificha. Mishipa ya utumbo wa mtoto wangu ilikua imebanwa kwa sababu hiyo. Si husuda. Ni hewa. Kama kuna mwenye mimba ananisikia na hajasema, ahamie Chumba Kizito leo. Hakuna atakayemuuliza. Akiulizwa, nitajieni jina la aliyemuuliza."

Aliachia kidude. 

Sauti ya kwanza iliyorudi kwenye kidude ilikuwa ya Mama Nunu, imejaa kukoroma kwa redio. "Kazija, Ijumaa tutaonana. Nina maneno na wewe, na si machache."

"Nitakuwepo."

"Mpe mtoto maziwa," alisema Mama Nunu, na akakata.

Ya pili ilikuwa ya Mama Saumu. "Hilo jina lake la kesho liwe la maana basi. Sitaki Saumu awe na kaka mwenye jina la mbuzi."

Mama Mwatima hakusema kitu. Lakini kwenye ubao mdogo wa namba uliokuwa kiunoni mwa Kazija, ule anaotembea nao kazini, mlango wa Chumba Kizito ulifunguka, ukafungwa, na mizani ya hewa ya mle ndani ikaonyesha kwamba sasa kuna mtu mmoja zaidi anayepumua. Kazija alisoma namba ile mara mbili. Hakutafuta jina. Aliongeza hewa kidogo upande ule, akaurudisha ubao kiunoni.

"Daktari, ni mimi nitakayempa," alisema.

Salmini alimkabidhi bomba. Bi Chumu alisimama, akapitisha mikono yote miwili kwenye matundu ya sanduku, na kukiinua kichwa cha Mgeni kwa vidole viwili, kama alivyowainua watoto wote wa kijiji kile. Raya alikuja upande wa pili.

"Bismillahi," alisema Bi Chumu kwa sauti, kila mtu asikie. "Ya tano."

"Ahsante, Raya," alisema Kazija, akalisukuma bomba polepole, mpaka tone la mwisho.